Kesi ya London, rufaa ya Belfast au Glasgow: mwongozo kamili wa kutumia maamuzi ya mfumo mwingine kwenye rufaa ya mafao Uingereza

Wadau mlioko Uingereza, hasa nyie mnaowasaidia wazee wetu, mama zetu na watu waliofika juzi kujaza fomu za mafao na kupambana na rufaa, hii naiandika kwa ajili yenu. Swali linalorudi kila mara ni hili: nimepata kesi nzuri kabisa, inafanana na ya kwetu mpaka ugonjwa wenyewe, ila imeamuliwa London na sisi tuko Belfast, au ilikuwa ya PIP (mafao ya ulemavu yanayotoka London) na sisi tuko Glasgow tunapigania ADP (mafao ya ulemavu ya Scotland), je naweza kuitumia? Karibu kila mara unaweza. Lakini kuna namna ya kuitumia ikakusaidia na kuna namna ya kuitumia ukajiharibia, na tofauti yake ni kujua kama hiyo kesi inalifunga baraza lako la rufaa, yaani tribunal, au inalishawishi tu.

Tuelewane maneno kwanza. Kesi inayofunga ni ile ambayo baraza lako halina hiari nayo, likiiacha limekosea sheria na una haki ya kupanda juu. Kesi ya kushawishi ni ile ambayo baraza linaweza kuifuata kwa sababu hoja zake ni nzuri, lakini halijalazimishwa. Na usidhani kushawishi ni kitu dhaifu. Rufaa nyingi tu zimeshinda kwa kesi za kushawishi, maana mtu alijua kuonyesha kwa nini zifuatwe.

Nikisema Uingereza hapa namaanisha nchi nzima ya Muungano, na England ni England peke yake. Nitatumia zaidi mafao ya ulemavu, PIP na ADP, kwa sababu huko ndo rufaa zetu nyingi ziko.

Ndani ya nchi moja kuna mifumo mitatu

Wa kwanza ni wa Great Britain, yaani England, Wales na Scotland kwa yale mafao ambayo bado yako London. Mwenye kuamua ni DWP, yaani wizara ya kazi na pensheni. Ukikataliwa unaenda First-tier Tribunal, chumba chake cha Social Entitlement, alafu juu yake kuna Upper Tribunal, chumba cha Administrative Appeals. Huo muundo ulianza Novemba 2008, kabla ya hapo juu walikuwa wanakaa Makamishna wa mafao, na maamuzi yao ya zamani bado yanatumika mpaka leo.

Wa pili ni wa Northern Ireland. Wao wana sheria zao, wizara yao ni Department for Communities, na mabaraza yao ya rufaa ni ya kwao wenyewe. Juu ya mabaraza hayo hakuna Upper Tribunal, wao walibaki na Social Security Commissioners. Juu ya Commissioners ni Mahakama ya Rufaa ya Northern Ireland.

Wa tatu ndo mchanga kuliko wote, Scotland. Sheria ya Bunge la London ya 2016 ilihamishia Scotland baadhi ya mafao, wao wakatunga sheria yao ya 2018, wakaanzisha shirika la Social Security Scotland lenye makao makuu Dundee. ADP, ambayo imechukua nafasi ya PIP huko, ilianza kwa majaribio Machi 2022 na ikafunguliwa nchi nzima Agosti 2022. Rufaa zake zinaenda First-tier Tribunal for Scotland, alafu Upper Tribunal for Scotland, alafu Court of Session pale Edinburgh.

Majina yanafanana sana na hapo ndo watu wanajikwaa. Upper Tribunal na Upper Tribunal for Scotland ni vyombo viwili tofauti kabisa, hakuna aliye bosi wa mwenzie.

Hatua ya kwanza: angalia barua imetoka kwa nani

Usianze na mtu anaishi wapi, anza na kichwa cha barua ya uamuzi. Mtu wa Glasgow anaweza kuwa na Universal Credit (mafao ya wenye kipato kidogo) kutoka DWP na ADP kutoka Social Security Scotland kwa wakati mmoja, kwahiyo mtu huyo huyo mmoja, nyumba hiyo hiyo, ana rufaa mbili kwenye mifumo miwili, na kesi inayofunga kwenye rufaa moja ni ya kushawishi tu kwenye nyingine. Nimeona watu wanakopi hoja za ADP wanabandika kwenye rufaa ya Universal Credit kama zilivyo, mpaka jina la sheria halijabadilishwa.

Na wale waliohamishwa kutoka PIP kwenda ADP, kama unapinga uamuzi wa DWP uliotoka kabla hajahamishwa, rufaa hiyo inabaki kwa DWP na baraza la Great Britain. Uamuzi wa Social Security Scotland ndo unaenda baraza la Scotland. Tarehe na kichwa cha barua vinamaliza ubishi wote huo.

Jambo lingine kabla hatujaendelea: kama viza ya mtu ina sharti la kutotumia fedha za umma, muone mshauri wa uhamiaji kabla ya kuomba chochote, achana na mambo ya kesi kwanza.

Hatua ya pili: chora ngazi ya mfumo wako

Chukua karatasi, andika baraza lako chini kabisa, alafu panda. Chochote kilicho juu yako kwenye ngazi hiyo kinakufunga. Kilicho pembeni, kwenye ngazi ya jirani, kinashawishi.

Kwa Great Britain: baraza la chini na maofisa wa DWP wanafungwa na Upper Tribunal, na Upper Tribunal anafungwa na Mahakama ya Rufaa ya England na Wales, Court of Session na Mahakama Kuu kabisa, yaani Supreme Court. Ndani ya Upper Tribunal yenyewe kuna utaratibu wake: uamuzi wa majaji watatu unafuatwa na jaji anayekaa peke yake, na jaji mmoja kwa kawaida anamfuata jaji mwenzake ili sheria isiyumbe, ila hajafungwa naye, akiona kabisa mwenzake alikosea anaweza kuachana naye. Hilo ni la tangu enzi za Makamishna, lipo kwenye R(I) 12/75, na Upper Tribunal ililithibitisha 2009 kwenye kesi ya Dorset Healthcare, [2009] UKUT 4 (AAC).

Kwa Northern Ireland: baraza linafungwa na Commissioners wao na Mahakama yao ya Rufaa. Upper Tribunal ya London iko pembeni. Kwa Scotland na ADP: baraza linafungwa na Upper Tribunal for Scotland na Court of Session, na Upper Tribunal ya Great Britain iko pembeni.

Supreme Court ndo inakaa juu ya wote watatu. Kesi ya SSWP v MM (SSWP ni waziri wa DWP), [2019] UKSC 34, ilitokea Scotland wakati PIP ilikuwa bado ya Great Britain nzima, ikaamua maana ya "msaada wa kijamii" pale mtu anapohitaji kukaa na watu wengine ana kwa ana. Mahakama ikasema kumtia mtu moyo na kumsukuma aongee na watu kunaweza kuhesabika kama msaada wa kijamii, ikiwa anayefanya hivo amesomea au ana uzoefu wa kumsaidia mtu huyo, na anaweza kuwa ndugu au rafiki. Ukiwa na mtoto wa kiume ambaye hawezi kutoka kwenda msikitini au kanisani bila mama yake kuwa pembeni, hiyo kesi ni yako, popote ulipo Uingereza usiiache.

Alafu kuna kitu kimoja ambacho kinawauma watu: baraza la chini halimfungi mtu yeyote. Kwahiyo "jirani yangu alishinda Birmingham mwezi uliopita kwa ugonjwa huu huu" haikusaidii kisheria hata kidogo, hata ukiambatanisha karatasi yake ya ushindi. Mabaraza ya chini hata yenyewe kwa yenyewe hayafungani.

Hatua ya tatu: soma namba ya kesi kabla ya kusoma kesi

Namba inakwambia kesi imetoka ngazi gani, na hii inachukua sekunde tu ukishazoea. UKUT yenye AAC mwishoni ni Upper Tribunal ya Great Britain. NICom ni Commissioners wa Northern Ireland. Mwaka, alafu UT peke yake bila UK mbele, ni Upper Tribunal for Scotland, na hapa uwe makini kweli maana herufi mbili tu ndo zinakutenganisha na mfumo mwingine. NICA ni Mahakama ya Rufaa ya Northern Ireland, CSIH ni Court of Session kwenye rufaa, EWCA Civ ni Mahakama ya Rufaa ya England na Wales, UKSC ni Supreme Court. Zile za zamani zinaanza na R na mabano, mfano R(DLA) au R(SB), ni za Makamishna wa Great Britain zilizochaguliwa kuchapishwa. Siku hizi zilizochaguliwa zinapewa namba ya AACR, na ukiiona hiyo ujue majaji wengi wa chumba hicho waliona uamuzi una uzito.

Zote zinapatikana bure. Maamuzi ya Upper Tribunal kuanzia 2016 yako kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk, BAILII, tovuti ya bure ya hukumu, wana ya Northern Ireland pia, na ya Scotland yako kwenye tovuti ya mahakama zao. Usilipie mtu akutafutie.

Hatua ya nne: weka maandishi ya sheria mbili ubavu kwa ubavu

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndo nitakaa muda mrefu. Kesi ya kushawishi inashawishi kwa sababu ilitafsiri maneno, na kama maneno hayo hayo yako kwenye sheria yako, basi ni vigumu jaji kusema yana maana tofauti kwa sababu tu umevuka bahari kidogo. Maneno yakibadilika, nguvu inapungua, na yakibadilika sana inaisha.

Tuchukue kifafa. Kanuni za PIP za Great Britain za 2013 zinasema mtu ahesabike anaweza kufanya jambo pale tu anapoweza kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia rudia, na kwa muda unaoeleweka. "Kwa usalama" imeelezwa kuwa ni namna ambayo haielekei kumdhuru yeye au mtu mwingine, wakati anafanya au baada ya kumaliza. Sasa DWP walikuwa wanasema: huyu anaanguka mara chache kwa mwezi, kwahiyo siku nyingi yuko salama, hana pointi za kumpatia mafao. Machi 2017 majaji watatu wa Upper Tribunal wakakaa kwenye RJ, GMcL and CS v SSWP, [2017] UKUT 105 (AAC), wakakataa hesabu hiyo. Wakasema haihitajiki madhara yawe na uwezekano wa zaidi ya nusu. Unaangalia kama kuna uwezekano wa kweli ambao mtu mwenye busara hawezi kuupuuza, na unaangalia pia madhara yenyewe ni makubwa kiasi gani. Mtu anayeweza kuanguka bila onyo akiwa amesimama mbele ya sufuria ya mafuta ya moto hayuko salama hata siku ambazo hajaanguka, maana hatari iko naye kila siku anapoingia jikoni.

Haya, uko Belfast. Kanuni zenu za PIP ni za 2016, zimetungwa Northern Ireland, ni hati nyingine kabisa. Fungua sehemu inayoeleza maana ya "kwa usalama", utakuta maneno ni yale yale. Sasa una kitu mkononi: majaji watatu, maneno yale yale, mafao yale yale. Na juu yake kuna utamaduni mrefu wa kwamba mafao ya Northern Ireland na Great Britain yaende sambamba. Hauko kwenye mazoea tu, kifungu cha 87 cha Northern Ireland Act 1998 kinawataka mawaziri wa pande mbili washauriane kwa lengo la kuwa na mfumo mmoja wa mafao. Commissioners wenyewe wana desturi ya kuzifuata kesi za Upper Tribunal pale maneno yanapofanana.

Uko Glasgow na ADP. Scotland pia walilibeba wazo la usalama na hizo nyenzake tatu, kwahiyo RJ inasafiri vizuri tu. Lakini angalia "kiwango kinachokubalika": Great Britain hawakukieleza kwenye kanuni, wakaacha majaji wakieleze, wakati Scotland walikiandika ndani ya kanuni zao na kutaja kuangalia athari anayoipata mtu akifanya jambo hilo. Kwahiyo kwa kipengele hicho usikimbilie kesi ya Great Britain, anza na maandishi ya Scotland maana yanaweza kukupa zaidi ya kesi yoyote, alafu kesi ije kama msaada.

Mfano wa pale ambapo nguvu inaisha kabisa ni ugonjwa wa kukaribia kifo. Kwa PIP ya Great Britain kipimo kilikuwa kifo kutarajiwa ndani ya miezi 6, kikabadilishwa kuwa miezi 12 Aprili 2023. Northern Ireland waliwahi, wao miezi 12 ilianza Aprili 2022, kwahiyo mwaka mzima mgonjwa wa Derry na mgonjwa wa Liverpool walikuwa wanapimwa kwa vipimo tofauti ugonjwa ukiwa ule ule. Na Scotland waliondoa kabisa hesabu ya miezi, ni mtaalamu wa afya ndo anayeamua kwa ujuzi wake. Ukipeleka kesi ya Great Britain inayobishania maana ya miezi 6 kwenye rufaa ya ADP, umepeleka karatasi tupu.

Kuna tofauti nyingine Scotland ambayo nasikitika haitumiki ya kutosha. Sheria yao ya 2018, kifungu cha kwanza, inasema mafao yenyewe ni haki ya binadamu, na kwamba heshima ya mtu iwe kiini cha mfumo. Kama kesi ya Great Britain inakuumiza, hapo ndo pa kushika: mwambie jaji kwamba kesi ile ilisoma sheria isiyo na misingi hii, na kwahiyo hata kama maneno ya kanuni yanafanana, yamekaa ndani ya nyumba nyingine. Si kila mara utashinda, lakini ni hoja halali.

Hatua ya tano: hakikisha kesi bado iko hai

Mfano mzuri ni MH v SSWP, [2016] UKUT 531 (AAC), ya Novemba 2016. Majaji watatu walisema mtu anayelemewa na hofu na msongo mkubwa anaweza kupata pointi kwenye kipengele cha kufuata njia ya safari, haikuwa ya vipofu na wenye matatizo ya kuelewa peke yao. Serikali ikabadilisha kanuni Machi 2017 kuzuia hilo. Desemba 2017 High Court ikayafuta mabadiliko hayo kwenye RF v SSWP, [2017] EWHC 3375 (Admin), na Januari 2018 serikali ikasema haitakata rufaa. Kwahiyo kesi iliamuliwa, ikazimwa, ikafufuka, yote ndani ya miezi kumi na kitu. Mtu aliyekopi karatasi ya 2017 bila kuangalia tarehe anaweza kuamini mpaka leo kwamba ilikufa.

Angalia mambo matatu: ilikatiwa rufaa? kanuni ilibadilishwa baadaye? na je, ndani ya mfumo wako mwenyewe kuna uamuzi mpya juu ya jambo hilo hilo? Hili la tatu ni muhimu kuliko mengine, maana kama Commissioner wa Northern Ireland ameshaamua jambo hilo, basi taja wa kwenu kwanza, ule wa London uwe wa kuunga mkono. Kuja na kesi ya kushawishi wakati ya kufunga ipo ni kujinyima mwenyewe.

Hatua ya sita: pima uzito

Kesi za kushawishi hazilingani. Majaji watatu wanazidi mmoja. Hoja iliyobishaniwa na pande zote mbili, na mawakili, inazidi ile ambayo DWP walikubali bila kubisha. Sababu zilizoandikwa kurasa kadhaa zinazidi sentensi mbili. Na maneno yaliyoamua kesi yanazidi maneno ya pembeni ambayo jaji aliyasema kwa kupitia tu. Ukisoma jiulize, hivi jaji asingesema hii sentensi, matokeo yangebadilika? Kama yasingebadilika, basi hayo ni ya pembeni, yatumie kwa upole.

Kesi pia zinavuka kwenda upande ule mwingine, watu wanasahau. Siobhan McLaughlin wa Northern Ireland aliishi na mwenzake bila ndoa, wana watoto wanne, mwenzake akafariki, akanyimwa mafao ya mzazi aliyefiwa kwa sababu hawakufunga ndoa. Supreme Court Agosti 2018, [2018] UKSC 48, ikatamka kwamba kifungu hicho cha sheria ya Northern Ireland kinagongana na haki za binadamu. Great Britain walikuwa na kifungu pacha. Mwishowe marekebisho yaliyoanza Februari 2023 yakagusa Uingereza nzima, na familia nyingi za England zikafaidika na kesi iliyoanzia kwa mjane wa Northern Ireland. Kwahiyo ukiwa Manchester usidharau NICom na NICA.

Hatua ya saba: andika aya yenyewe

Rufaa unaandika kwa Kiingereza, lakini fikiria kwanza kwa lugha unayoielewa. Aya nzuri ina vitu vitano kwa mfuatano, na isizidi nusu ukurasa. Kwa yule wa Belfast mwenye kifafa ingekuwa hivi:

"Baraza halifungwi na uamuzi wa RJ, [2017] UKUT 105 (AAC), kwa kuwa ni wa Great Britain. Tunaomba lakini ufuatwe. Maelezo ya 'kwa usalama' kwenye kanuni za Northern Ireland za 2016 ni neno kwa neno sawa na yale yaliyotafsiriwa kwenye RJ. Uamuzi ni wa majaji watatu na unaeleza sababu zake kwa kina. Hatujaona uamuzi wa Commissioner unaoupinga. Kwa kipimo hicho, mrufani huanguka bila dalili yoyote ya mapema, kama inavyoonekana kwenye barua ya daktari ya ukurasa wa 14, na mwaka jana aliungua mkono jikoni, ukurasa wa 17. Hatari hiyo ipo kila siku anayopika, kwahiyo hawezi kuandaa chakula kwa usalama bila mtu kumsimamia."

Ona sentensi ya kwanza. Umekubali mwenyewe kwamba haifungi. Mwakilishi wa wizara hana tena cha kukukosoa, na jaji ameshakuamini kabla hajafika sentensi ya tatu. Na ona pia nusu ya aya ni habari za mtu mwenyewe, kurasa, mkono ulioungua. Kesi bila ushahidi haimpi mtu pointi hata moja. "Hatujaona uamuzi unaoupinga" usiiandike kama hujatafuta kweli. Na kama umeukuta unaokupinga, utaje, alafu eleza kwa nini ni tofauti, ukweli ule ule ukitolewa na upande wa pili utakuumiza zaidi.

Ambatanisha nakala ya kesi, weka alama kwenye aya unazozitegemea, usimtupie jaji kurasa arobaini ajitafutie.

Hatua ya nane: wakikujibu "hiyo haitufungi"

Jibu ni: kweli, sasa tuambieni ni wapi ilikosea. Basi. Anayetaka baraza liachane na tafsiri ya majaji watatu juu ya maneno yale yale, yeye ndo aeleze sababu, ama maneno yanatofautiana, ama kuna sheria iliyobadilika, ama hoja yenyewe ina kasoro. Mara nyingi hawana sababu, wana hiyo sentensi moja tu.

Kesi ya jirani ikiwa dhidi yako, geuza meza. Anza na maneno: tafuta neno lililopo kwao halipo kwako. Ukikosa, nenda kwenye habari za mtu, onyesha yule wa kesi ile hakuwa na hali kama ya wako. Ukikosa tena, ndo useme kwa heshima kwamba tafsiri ile haikuwa sahihi na hailifungi baraza hili, alafu toa sababu.

Hatua ya tisa: ukishindwa, jua kosa la sheria liko wapi

Kupanda juu kunahitaji kosa la sheria, na hapa tofauti ya kufunga na kushawishi inakuwa na meno. Baraza likipuuza kesi inayofunga, hilo lenyewe ni kosa la sheria. Likikataa kufuata kesi ya kushawishi baada ya kuifikiria na kueleza sababu, kukataa peke yake si kosa, inabidi uonyeshe kwamba tafsiri waliyochagua ndo mbovu. Lakini likiwa limekaa kimya kabisa, uliitaja kesi, uliambatanisha, ilikuwa kiini cha hoja yako, na sababu zao za maandishi hazina hata mstari juu yake, basi unaweza kudai sababu hazijitoshelezi. Ndo maana ile aya ya hatua ya saba iwe kwenye maandishi, usiishie kuisema mdomoni siku ya kusikilizwa.

Tarehe sasa, na hizi zibandike ukutani. DWP: mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, mwezi mmoja kukata rufaa baada ya jibu. Ukishindwa, omba sababu za maandishi ndani ya mwezi mmoja, zikitumwa una mwezi mmoja kuomba ruhusa ya kupanda juu kwa baraza lenyewe, na ukinyimwa mwezi mmoja kuomba Upper Tribunal moja kwa moja. Northern Ireland ni mwezi mwezi hivo hivo, ila ruhusa ya mwisho unaomba kwa Commissioner. Scotland wana hesabu zao: siku 42 kuomba uamuzi ufanywe upya, siku 31 kukata rufaa, siku 30 kuomba ruhusa kwa baraza, na siku 30 nyingine kwa Upper Tribunal for Scotland ukinyimwa. Ukichelewa eleza sababu na ombi lako peleka hivo hivo, usikae nalo.

Wakati wa kuomba ruhusa, kama jambo lako limeamuliwa mfumo wa jirani na kwenu hakuna aliyeligusa, liseme hilo wazi kwenye mstari wa juu kabisa wa maombi, maana jaji anayesoma anatafuta jambo la kisheria ambalo linahitaji jibu, na lako ndo hilo. Citizens Advice, vituo vya sheria vya mtaani na kwa Northern Ireland Advice NI watakusomea maombi hayo bure kabla hujatuma, wapelekee mapema, na uwapelekee na yale maandishi mawili ya sheria uliyoweka ubavu kwa ubavu.